Kila Aliye Hai Atakuja

Filsan aliliandika lile tangazo akiwa amekaa kivulini nyuma ya ukumbi wa mihadhara, akicheka peke yake. Alikuwa akisomea hisabati katika chuo kikuu pale Garissa, na muhula ule walikuwa wakifundishwa mantiki, somo la kupima kama hoja imesimama au imeanguka kwa kutumia alama badala ya maneno. Alama zile zilimpendeza tangu mwanzo. Herufi A iliyopinduliwa kichwa chini, maana yake "kila". Mshale, maana yake "ikiwa hili, basi na lile". Kijistari kilichokunjwa ncha, maana yake "si".

Juu kabisa aliandika kwa herufi kubwa: USIKU WA KABAN, NA MZEE KERROW NUNOW. Chini yake akachora mstari mmoja wa alama, na chini ya alama akaweka Kiswahili chake, ili hata ambaye hakusoma mantiki asipitwe na mzaha:

Kila aliye hai atakuja.
Wewe hutakuja?
Basi wewe si hai.
Imethibitishwa.

Halafu akaweka siku, Alhamisi baada ya Isha. Na mahali, uani kwa Abdinasir, mwenye hoteli karibu na soko. Na mwisho nambari ya simu ya baba yake, kwa wanaotaka kuwekewa viti.

Baba yake, Kerrow, alikuwa dalali wa mifugo. Muuzaji na mnunuzi wakishindwa kuelewana, yeye ndiye aliyeingiza mkono chini ya kitambaa na kuzungumza bei kwa vidole, mtu wa tatu asijue. Lakini ukame ulikuwa umelikausha soko. Ng'ombe waliofika walikuwa mifupa iliyovikwa ngozi, na hakuna aliyehitaji dalali wa kumuuzia mifupa. Kerrow akawa mtu wa kushinda nyumbani, amelala ubavu kwenye mkeka, na alasiri huteremsha kaban yake, ala ya nyuzi ya Kisomali, kutoka juu ya kabati na kuipiga akiwa ameuelekea ukuta. Zamani aliitwa kwenye harusi mpaka Masalani. Siku hizi maharusi hukodi kinanda cha umeme na spika zinazotikisa mabati. Filsan alitaka watu wamsikie baba yake tena. Zaidi ya hapo, alitaka mzee apate sababu ya kupaka hina ndevu zake, maana alikuwa ameziacha zikawa nyeupe.

Alipomletea nakala nyumbani, Kerrow aliigeuza huku na huku. Hakujua kusoma. Akaweka kidole juu ya ile A iliyopinduka.

"Hii ni nini?" aliuliza. Nyumbani walizungumza Kisomali.

"Ni mzaha, aabo. Mzaha wa wasomi."

"Watu watacheka?"

"Watacheka."

"Basi sawa," akasema, na hakuuliza tena. Mkewe, Weris, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, alisema kwamba watu wa mji huu hawakuwa na mazoea ya kucheka na vitu wasivyovielewa. Filsan alimbusu kichwani akatoka kwenda kubandika.

*

Watu walicheka kweli. Wanafunzi walipiga picha tangazo wakalituma kwenye simu zao, wakaongeza vichekesho vyao: kama mwalimu wetu hatakuja, je, nani amekuwa akitufundisha? Kwa siku mbili simu ya Kerrow haikutulia. Alijibu kila mtu kwa sauti ya juu, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, kwa Kiswahili chake cha sokoni chenye b mahali pa p, "Ndiyo, karibu sana, kiti ibo." Siku ya Jumapili Weris alimkuta akikoroga hina kwenye kikombe.

Kisha mtu fulani, haikujulikana nani, aliikata ile picha. Akaondoa sehemu ya juu iliyotaja kaban na jina la mzee. Kilichobaki ni mstari wa alama zisizosomeka, maneno yasemayo kwamba asiyekuja si hai, siku ya Alhamisi, na nambari ya simu. Juu yake akaandika: TAHADHARI. JIEPUSHENI NA MIKUSANYIKO. Pengine alikuwa na hofu ya kweli. Garissa ni mji ambao hofu haihitaji kubisha hodi. Kufikia Jumatatu jioni picha ile ilikuwa imezunguka mji mzima na kuvuka daraja la Tana.

Jumanne Filsan alikuwa darasani. Aliporudi, alikuta mlango wa nyumbani wazi, magodoro yamepasuliwa, na mchele umemwagwa sakafuni na kukanyagwa. Mama yake alikuwa amepiga magoti akiuokota punje kwa punje, kama kwamba mchele ule ulikuwa bado unafaa kupikwa.

"Wamemchukua," alisema Weris bila kuinua macho.

"Nani?"

"Polisi. Walikuja na ile picha kwenye simu. Wakauliza, nani ameandika hii? Baba yako akasema ni yeye."

Filsan alishika mwimo wa mlango. "Lakini hajui hata kuandika jina lake, hooyo."

"Alisema ni yeye." Weris alimimina punje za kiganjani kwenye ungo. "Na mimi waliniuliza. Yule mmoja alinisogezea simu mpaka puani. Mama, hii ni nini? Nikasema sijui, sikusoma. Akawaambia wenzake, hawa watu huwa hawajui kitu mpaka kitu kilipuke. Kiswahili hicho nilikielewa."

Adeer Deeq, ami yake Filsan kwa kuwa ni binamu ya Kerrow, alikuja kabla ya magharibi. Alikuwa mtu mzima aliyezoea kuzungumza na machifu, na alisema jambo hili lingepoa lenyewe kama watu wangetulia. Angempeleka mzee mmoja wa ukoo anayefahamiana na wakubwa. Filsan akasema hakukuwa na haja ya wazee. Yeye ndiye aliyeandika, angeenda na kitabu chake aeleze, na mtu yeyote mwenye akili angeona kuwa ni mzaha.

"Usiende," Weris akasema.

"Ukweli hauna madhara, hooyo."

"Baba yako ameuweka mwili wake mlangoni ili wasikufikie. Wewe unataka kumruka utoke nje."

Asubuhi, mama yake alipokwenda kuteka maji, Filsan alikitia kitabu cha mantiki kwenye mkoba akaenda kituoni.

*

Alikaa kwenye benchi mpaka jua likapanda. Polisi wa mapokezi alichukua simu yake na kitambulisho chake, akakigeuzageuza kitambulisho kwenye mwanga, akamuuliza alizaliwa wapi, na baba yake alizaliwa wapi, na babu yake je. Akamwambia asubiri. Akala mandazi. Mwanamke aliyekuja kulalamikia mbuzi aliyeibiwa alihudumiwa, akaondoka. Kijana mmoja wa tuktuk akahudumiwa, akaondoka. Filsan alipouliza tena, yule polisi alimwambia, "Wewe si ndiye una haraka ya kuthibitisha kuwa uko hai?" na mwenzake akacheka.

Hatimaye aliitwa ndani. Inspekta alikuwa mtu mwembamba, aliyehamishwa huku kutoka sehemu za baridi, na shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Hakuwa mkali. Alimpa kiti, akamsukumia karatasi yenye nakala ya tangazo zima, si ile iliyokatwa.

"Haya. Nieleze."

Filsan alieleza. Maneno yalimjia kwa urahisi, maana jambo hili alilijua. Alifungua kitabu akamwonyesha zile alama kwenye kurasa zake. Akatoa mfano.

"Afande, chukua hoteli. Kila aliyekula alilipa. Mtu fulani hakulipa. Basi?"

Inspekta akafikiri. "Basi hakula."

"Hivyo tu. Kila aliye hai atakuja. Wewe hutakuja. Basi wewe si hai. Hoja imesimama, lakini mwanzo wake ni uongo, kwa sababu si kweli kwamba kila aliye hai atakuja kusikiliza kaban. Hapo ndipo mzaha ulipo."

Inspekta aliupitia tena mstari wa alama kwa kidole. Kisha akacheka kidogo, kwa pua, kicheko cha mtu aliyeshika jambo. Filsan alifikiri: yamekwisha.

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Inspekta alivuta faili akalifungua. Kicheko kilikuwa kimeshatoka usoni. "Baba yako ameandikisha taarifa jana. Nikusomee?" Hakungoja jibu. "Anasema ameandika yeye. Nikamuuliza hii A iliyopinduka ni nini. Akasema ni chapa ya ngamia, ngamia wa watu wa upande wa mama yake. Nikamuuliza huu mshale. Akasema ni njia, kutoka soko la mifugo mpaka kwa Abdinasir. Hiki kijistari, akasema ni mkono wa kaban. Nikamuuliza, mbona watu wasiokuja si hai? Akasema maneno hayo ni ya wimbo wa zamani." Akafunga faili. "Jana nilimwamini. Mzee, dalali, anajua chapa za mifugo. Nilikuwa nimwachilie leo."

Filsan alikivuta kitabu kutoka mezani, kikiwa bado wazi, akakiweka mapajani.

"Sasa wewe unaniletea kitabu. Kwako alama ni za darasani. Kwake ni chapa za koo. Mmoja wenu anadanganya."

"Baba yangu hajui kusoma, afande. Alikuwa ananilinda mimi."

"Au mnamlinda mtu wa tatu, na hamkupanga maneno vizuri."

"Hakuna mtu wa tatu."

"Nani ataniambia hilo? Wewe, au yeye?"

Mwalimu wao wa mantiki aliwahi kuwaambia kwamba ukishakubali kauli mbili zinazopingana, kutoka hapo unaweza kuthibitisha lolote utakalo, hata kwamba ngamia ni samaki. Darasa zima lilicheka siku ile. Filsan alilikumbuka somo hilo akiwa amekaa mbele ya Inspekta, kitabu kikiwa wazi mapajani, na akaelewa kwamba ni yeye aliyeleta ile kauli ya pili.

Alipotolewa nje na kurudishiwa simu na kitambulisho, walikuwa wakimpitisha baba yake ukumbini. Alikuwa pekupeku, amevaa kikoi kile kile cha jana, ndevu zake nyekundu kwa hina mpya. Alimwona binti yake, kisha akakiona kitabu.

"Umewaambia nini?" aliuliza kwa Kisomali.

"Ukweli, aabo."

Kerrow alifumba macho. Polisi aliyemshika alisema, "Ongeeni Kiswahili hapa," akamsukuma mbele. Mzee akageuka kumtazama yule polisi, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Huyu mtoto hajui kitu. Ni mimi nabiga kaban. Ni mimi naandika." Mlango ukafungwa nyuma yake.

*

Walimhamisha siku ile ile. Adeer Deeq alipofika na wazee wake aliambiwa kwamba mtu wao hayupo tena pale, na kwamba faili limepanda juu. Juu wapi, hakuna aliyesema. Deeq alizunguka ofisi baada ya ofisi. Kila ofisi ilimtuma kwa nyingine, na katika mojawapo alikalishwa kwenye kiti cha mtoto mpaka jioni, kisha akaambiwa mkubwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Aliporudi kuwaeleza Weris na Filsan alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa hadharani.

Jioni ile ile ya Jumatano Abdinasir alikuja nyumbani kwao. Hakuingia. Alisimama nje ya lango akizungusha tasbihi.

"Weris, dada yangu, mimi ni mtu wa biashara. Wamenihoji. Nimewaambia niliombwa ua tu, sikujua yaliyoandikwa."

"Ulijua. Ulicheka," Filsan alisema. "Ulisema libandikwe mpaka kwenye kaunta."

"Filsan," mama yake akamkanya.

Abdinasir alitazama miguu yake. "Nina watoto," akasema. Aliacha gunia alilokuja nalo karibu na lango akaenda zake. Ndani ya gunia mlikuwa na kaban, ile ambayo Kerrow aliipeleka kwake mapema ili akaone itakavyosikika uani. Uzi mmoja ulikuwa umekatika.

Alhamisi ilifika na kupita. Baada ya Isha Filsan alipanda juu ya tangi la maji, akatazama upande wa soko. Ua wa hoteli ulikuwa giza. Baadaye alisikia kwamba wanafunzi wachache walifika kule, wale ambao hawakuwa wamepata habari, wakakuta lango limefungwa kwa mnyororo na gari la polisi limeegeshwa mbele, wakageuka haraka. Siku iliyofuata alikuta ameondolewa kwenye kundi la darasa kwenye simu. Rafiki yake wa karibu, Idil, alimwambia kwenye mstari wa chakula, bila kumtazama, "Si mimi niliyekutoa. Lakini usinipigie kwa sasa, abaayo, dada yangu. Kaka yangu anatafuta kazi serikalini."

Nyumbani, mama yake hakumlaumu. Alimwekea chakula, akamwambia ale, akaenda kuswali. Filsan alingoja aambiwe neno moja, *nilikuambia*, na neno lile halikuja, wala siku nyingine halikuja. Usingizini Weris alikuwa akisema maneno ya Kiswahili. "Sijui. Sikusoma." Filsan aliyasikia kutoka kitanda cha pili, akageukia ukutani.

*

Kerrow alirudishwa mvua fupi zilipoanza kunyesha. Hakuna aliyeeleza kwa nini alichukuliwa wala kwa nini ameachiliwa. Alishushwa kando ya barabara kuu na kutembea mwenyewe mpaka nyumbani, akiwa na karatasi iliyosema aripoti kituoni kila Jumatatu. Ndevu zilikuwa zimekua, hina ikabaki nchani tu, nusu nyeupe, nusu nyekundu. Alikohoa usiku kucha. Walipomuuliza alikuwa wapi, alisema palikuwa na baridi. Walipomuuliza alifanywa nini, alisema, "Niliulizwa maswali," akaomba chai.

Malisho yakaota kidogo, na mifugo ikaanza kurudi sokoni. Kerrow alijifunga kikoi chake akaenda. Alirudi kabla ya adhuhuri. Filsan alikuja kujua kutoka kwa Adeer Deeq yaliyotokea: wafanyabiashara walimsalimia kwa heshima zote, wakamuulizia afya, wakamshukuru Mungu pamoja naye. Lakini alipoingiza mkono chini ya kitambaa, hakuna aliyempa wake. Kila mmoja alikumbuka jambo la kufanya mahali pengine. Mkono uliofichwa pamoja na mkono wa Kerrow ulikuwa sasa mkono wa kutiliwa shaka.

Kaban ilibaki kwenye gunia lake. Weris alijitolea kununua uzi mpya. Kerrow alisema hakuna haraka.

Jumapili moja jioni, siku moja kabla ya kwenda kuripoti, alimwita Filsan uani. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na mchanga ulikuwa laini, umetulia.

"Nichoree zile alama," alisema.

"Aabo, tuliichoma ile karatasi."

"Hapa chini. Kwa kidole."

Filsan alichuchumaa. Alichora ile A ya kichwa chini, kisha mshale, kisha kijistari kilichokunjwa ncha. Baba yake alichuchumaa karibu naye, akikohoa.

"Sasa nifundishe. Polepole. Wakiniuliza tena, maneno yangu na yako yawe yale yale."

Alitaka kumwambia kwamba hawatamuuliza tena. Lakini hakuwa na hakika ya hilo, na alikuwa ameshaona linalotokea mtu anapokuwa na hakika. Akamfundisha. Kerrow alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Mtu aliyezoea kusoma bei kwenye vidole hashindwi na alama. Alirudia kila moja. Alipofika mwisho, kwenye *basi wewe si hai*, aliurudia mstari wote kwa kidole.

"Kwa hiyo ilikuwa inawacheka wasiokuja," alisema.

"Ndiyo, aabo. Ilikuwa ni hivyo tu."

"Hmm." Aliitazama mistari ile. "Ni mzaha mzuri," akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayesifu chakula akiwa hana hamu. Hakucheka. Kisha akasimama, akajipangusa magoti. "Sasa wewe ndiye Inspekta. Niulize kwa Kiswahili. Usinionee huruma."

Filsan akauliza. Kerrow akajibu kwa lugha yake ya sokoni, mikono nyuma, macho chini, kama alivyokuwa amejifunza kusimama mahali ambapo hakutaka kupataja. Alikosea mara moja, wakarudia. Mara ya pili hakukosea.

Weris alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hawakujua alikuwa amekuja lini. Aliuweka mwiko chini, akafuta viganja kwenye guntino, nguo aliyojifunga, akaja akasimama mbele ya zile alama, pale pale mumewe alipokuwa amesimama.

"Na mimi," alisema. "Na mimi waliniuliza."

"Hooyo, si lazima."

"Niulize."

Filsan alimtazama baba yake, na baba yake akaitikia kwa kichwa kwamba aendelee. Akaelekeza kidole kwenye alama ya kwanza.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, "hii ni nini?"

Weris alivuta pumzi. Midomo yake ilijaribu neno kwanza bila sauti.

"Kila mtu," alisema. "Hiyo ni kila mtu."